Mtunzi Hajulikani

Siku tuliyomzika mwalimu wetu wa kwaya zilikuja kwaya tatu. Ilikuwa Oktoba, wakati ambao vumbi la Ugogo halitui chini. Linakaa hewani likisubiri zamu yake ya kuingia puani. Kwaya ya tatu ilitoka upande wa Kongwa, vijana watupu, wenye fulana mpya na spika ya kuchaji. Kabla hawajaimba, mwongoza ratiba alishika kipaza sauti akasema, "Sasa ndugu zetu wanatuletea wimbo wa asili wa Kigogo." Wakaimba vizuri. Besi ilikuwa imeshiba, na pale sauti ya kwanza inapopanda peke yake wenzake wakiwa wamenyamaza, baadhi ya akina mama walipiga vigelegele huku wanalia.

Nilimtazama mjane. Hakuinua kichwa. Wimbo ule haukuwa wa asili. Aliyeutunga alikuwa ndani ya jeneza, hatua sita kutoka aliposimama mwongoza ratiba.

Nikiitwa kuzungumza na walimu vijana wa kwaya huanza na mazishi hayo, kabla ya habari za pumzi na namna ya kunyanyua mkono. Huwa wanacheka kidogo, kicheko cha aibu, halafu mmoja anauliza ilikuwaje. Basi huwasimulia.

Mwalimu wetu hakuwa mzembe. Ukisikia kazi ya mtu imepotea, haraka utadhani mwenyewe alikuwa mtu wa ovyo. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na saa ya mkononi, aliyeandika nyimbo zake kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama uwele uliopigwa na upepo. Aliandika kwa nota za sol-fa, katika kaunta buku ya kwaya tatu. (Wenye maduka ya vifaa vya shule wanajua: kwaya hii ni ya kuhesabia karatasi, si ya kuimba. Mwenyewe aliupenda sana mzaha huo, na kila aliponunua daftari jipya alitutangazia kwamba ameanzisha kwaya nyingine tatu.) Kilichomponza ni ukarimu. Mwalimu wa kwaya jirani akija na "Shikamoo mwalimu, naomba ule wimbo wa Pasaka," hakukaa kunakili. Alitoa daftari zima. Daftari la kwanza lilikwenda Kondoa likawa mkazi wa huko. La pili lilirudi bila kurasa za katikati. La tatu alilifungia ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, safari hii ameshajifunza, na mchwa wakalifikia kabla ya mvua. Aliyewahi kuishi uwanda huu wa kati hahitaji kuelezwa kazi ya mchwa: jalada linabaki zima, ukiligusa, ndani ni udongo.

Nyimbo zenyewe hazikupotea. Hapo ndipo vijana huchelewa kunielewa. Zilipanda malori zikaenda Manyoni na Singida, zikaimbwa kwenye harusi na mahafali, zikaingia kwenye kanda, na nina hakika ziko hai hadi leo katika midomo ya watu wasiojua zilikotoka. Wimbo mzuri hauhitaji nauli. Jina ndilo lililoshuka njiani, na hakuna aliyesimamisha gari.

Kisa hiki kina kaka yake mkubwa, na huyo tunamwimba sote. Rais anapokuja kulihutubia Bunge hapa Dodoma, wimbo wa taifa hupigwa. Watoto wa shule huuimba mstarini kabla ya kuingia darasani. Waulize muziki wake ulitungwa na nani. Mimi nimewauliza. Wengi husema Mwalimu Nyerere. Mmoja wa darasa la sita alinijibu, "Serikali," na sikuwa na moyo wa kumsahihisha papo hapo, maana kwenye habari ya nyimbo za taifa jibu lake lina ukweli wa kuumiza kidogo, kama nitakavyoeleza.

Aliutunga mwalimu wa kwaya. Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alizaliwa karibu mwaka 1873 katika Koloni la Rasi, kusini kabisa mwa bara hili, akapata mafunzo ya ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, pembeni ya Johannesburg. Alikuwa mwalimu, mwongoza kwaya, mhubiri asiyelipwa, na mpiga picha wa kujifunza mwenyewe. Kwaya yake ilikuwa ya wanafunzi. Kila aliyewahi kufundisha kwaya ya shule anajua maana yake: kila mwaka waliokomaa wanaondoka, unaanza upya na watoto ambao sauti zao bado hazijaamua ziende wapi, na ukikosa wimbo unaowatosha unautunga usiku ili ufundishwe kesho. Ndivyo Sontonga alivyofanya kazi. Mwaka 1897, akiwa na miaka kama 24, alitunga ubeti mmoja na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika. Miaka miwili baadaye uliimbwa hadharani, mchungaji mmoja wa Kimethodisti alipowekwa wakfu.

Naye aliandika kwa sol-fa. Mtindo huu, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, uliwafaa wamisionari kwa sababu hauhitaji mistari mitano wala vichwa vya nota. Do ni d, re ni r, nukta mbili zinagawa mapigo, na ukiwa na taipureta, au kalamu na uvumilivu, umeshapata kiwanda cha nyimbo. Umaskini wa vifaa haukuwa kikwazo tena kwa mtunzi. Mtu wa Nancefield mwaka 1897 na mwalimu wetu wa Mvumi miaka mingi baadaye waliandika herufi zile zile, kwenye madaftari yanayofanana, na nina hakika kila mmoja alikuwa na kona ya mezani iliyopauka kwa kuegemewa na kiwiko.

Sontonga alikufa tarehe 18 Aprili 1905, na miaka 32 tu. Daftari lake la nyimbo lilikuwa na tabia ile ile ya daftari tunalolijua. Inasimuliwa kwamba viongozi wa kwaya walikuwa wakiliazima, kwamba baada ya kifo chake liliendelea kuzunguka mikononi mwa watu, na kwamba mwishowe halikuonekana tena. Inasimuliwa pia kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo ule kwa pensi sita. Wazee wetu watakumbuka kwamba pensi sita ni nusu shilingi. Kwa hesabu ya huku kwetu ni sumuni. Mama huyo alifariki mwaka 1929, na wakati huo wimbo ulikuwa umeshafika mbali sana. Kwaya ya shule ya Ohlange ya John Dube ilikuwa imeutembeza. Ulikuwa umeimbwa tarehe 8 Januari 1912 huko Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwandishi Sol Plaatje alikuwa amekwisha kuurekodi London mwaka 1923. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi aliuongezea beti saba. Na hesabu hiyo bado haijagusa Tanganyika ya mwaka 1961, wala Zambia, wala Zimbabwe, nchi ambazo kwa nyakati mbalimbali ziliuchukua muziki huo na kuuvika maneno mengine.

Sehemu ya kisa ambayo huwa nasimama kidogo nikiisimulia ni ya kaburi. Miaka ya 1990, Afrika Kusini ilipotaka kumpa heshima mtu huyu, haikujua amezikwa wapi. Ilifahamika tu kwamba ni makaburi ya Braamfontein, mjini Johannesburg, upande waliotengewa Waafrika Wakristo. Watafiti walipekua rejista za makaburi kwenye herufi S na hawakuona kitu. Alikuwa kwenye E. Karani aliyeandika siku ile aliona jina moja linamtosha Mwafrika: Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Mandela alizindua mnara hapo, miaka 91 baada ya mazishi.

Vijana hapa hunipinga, na wana haki. Huyo, wanasema, alikuwa mwalimu maskini chini ya wakoloni, angefanyaje? Mtoe mtu aliyesoma.

Haya, George Kakoma wa Uganda. Huyu alisoma muziki London, Trinity College, akarudi kuwa mkaguzi wa somo la muziki mashuleni. Nota za mistari mitano alizisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Uganda ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru wa Oktoba 1962 alitunga wimbo wa taifa, miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za aina hiyo duniani, na karatasi yake haikuliwa na mchwa wala kuazimwa na mtu. Alilipwa shilingi 2,000 za shukrani. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80 aliipeleka serikali mahakamani akidai malipo ya mtunzi, na akafa Aprili 2012 kabla ya kuona matunda yoyote ya maana. Muziki wake aliuandika wote, hadi nukta ya mwisho. Karatasi ya pili, ile ya makubaliano kuhusu wimbo ni wa nani na nani atamlipa nani, haikuandikwa mwaka ule wa shangwe. Nani angekuwa na uso wa kuidai wakati bendera inapanda? Ndiyo maana nikasema mtoto wa darasa la sita hakuwa mbali na ukweli.

Sheria yetu ya hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 1999, ni njema kuliko watunzi wengi wanavyodhani. Inakupa haki tangu kazi inapozaliwa, bila kusubiri muhuri wa ofisi yoyote, na haki hiyo huendelea maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kusajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ubishi, hakimu atakapouliza una nini mkononi. Vijana wengi mkononi wana simu. Mwalimu anarekodi wimbo mpya, anautupa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, kesho uko kwenye makundi kumi. Fungua simu ya mtu wa kundi la kumi utazame jina la faili: AUD, halafu tarakimu, halafu WA na tarakimu nyingine. Karani wa Braamfontein angalau aliandika Enoch.

Hadi hapa mtu atasema funzo lenyewe ni kuandika tu, basi. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini kuna jambo nililolisikia kwenye mazishi yale ya Oktoba ambalo lilinichukua muda kulielewa, nalo linamtetea mwalimu wetu na kumlaumu kwa pamoja.

Chukua zeze. Gusa uzi wake kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, kisha upige. Utasikia sauti nyembamba iliyokuwa imejificha ndani ya sauti nene. Gusa kwenye nusu ya uzi, gusa kwenye theluthi, robo, sehemu ya tano, ya sita, ya saba. Kila mahali uzi una sauti yake, na hakuna aliyezitunga. Uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo, hasa zile za kuanzia ya nne hadi ya tisa, na ndiyo sababu kundi la wanakijiji wasiowahi kuona piano linaweza kuimba sauti nyingi kwa pamoja, zikashikamana hadi kifua cha msikilizaji kikatetemeka. Watafiti wamelifuata jambo hili kutoka mbali. Mtunzi wa Kihispania, Polo Vallejo, alirudi Dodoma mara nyingi, na mwaka 2004 alichapisha kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto wa Kigogo. Sasa, sauti ya saba ya uzi haimo kwenye sol-fa. Si te, herufi ya saba ya sol-fa. Ukiishusha te inakuwa ta, na ta nayo bado iko juu ya ile ya zeze kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Ni tofauti ndogo. Mpikaji wa mlenda atanielewa nikisema ni tofauti ya chumvi.

Mwalimu wetu aliandika ta. Hakukuwa na herufi nyingine. Kwa kwaya yake haikudhuru, kwa sababu sote tulizaliwa na ile sauti masikioni. Tulisoma ta tukaimba ya zeze bila hata kujua kwamba tunasahihisha. Vijana wa Kongwa walikuwa wamejifunza kutoka kwenye nakala ya nakala, kwa kinanda cha umeme. Waliimba ta ya kinanda. Ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Na ndiyo hiyo iliyotangazwa kuwa ya asili ya Kigogo.

Kwa upande mwingine kuna Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma, ambaye kwa watu wengi duniani ndiye sauti ya Ugogo. Yeye hakuhitaji sol-fa. Aliitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere, baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka Ulaya na Japani na zeze na ilimba yake, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, na mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake Chibite. Alifariki Desemba 2003. Daftari lake lilikuwa ukoo. Wapwa, watoto, wajukuu walikaa nyuma yake jukwaani hadi kila kitu kikaingia mwilini, na ile sauti ya saba haikupotea hata chembe, kwa sababu hakuna aliyeipitisha kwenye herufi. Ukiniuliza kama mwanamuziki, nitakuambia hiyo ndiyo njia bora ya kuhifadhi wimbo iliyowahi kugunduliwa.

Ila nayo ina kona yake ya giza. Desturi iliweka zeze na ilimba mikononi mwa wanaume; wanawake walikuwa na ngoma, na walikuwa na kuitikia. Mabinti wa nyumba ile waliitikia miaka na miaka. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Pendo na Leah Zawose walipotoa albamu kwa jina lao wenyewe, Maisha, wakijiita The Zawose Queens, vyombo wakivipiga wao. Miaka zaidi ya 20 baada ya mzee kuondoka! Huwa nawauliza walimu vijana: katika kwaya yako ni nani anayekusahihishia sauti ya pili kila Jumamosi, na jina lake limeandikwa wapi? Hapo kicheko cha aibu hurudi, na mara nyingi wanaume ndio huanza.

Mwaka mmoja baada ya mazishi tuliamua kuurudisha ule wimbo kwenye karatasi. Tulikutana uani kwa mjane, tuliobaki wa kwaya ya zamani, watu saba. Asiyewahi kuimba kwaya hajui ugumu wake. Mwanakwaya anakumbuka sauti yake tu. Wimbo mzima hana. Mtu wa besi anajua besi yake hadi kaburini, lakini mwulize sauti ya pili inaimba nini pale, atakuambia, "Wao huingia, halafu na mimi naingia." Tulikuwa na besi wawili, sauti ya tatu wawili, mimi nikiwa mmojawapo, na akina mama watatu wa sauti ya kwanza. Sauti ya pili hakukuwa na mtu. Mmoja alikwisha kutangulia, mwingine alihamia Mwanza na namba yake haipatikani, wa tatu hatukukubaliana hata alikuwa nani.

Tuliimba vipande vipande tangu saa nne hadi jua lilipopinda, mimi nikiandika. Mjane alikuwa pembeni anapepeta uwele. Hakuwahi kuwa mwanakwaya. Alizoea kusema mtu mmoja anayepiga kelele nyumbani anatosha. Tulipofika kwenye ule mpando, akina mama wakapanda na kusimama kwenye ta.

"Siyo hapo," akasema bila kuacha ungo.

Wakarudia.

"Shusha. Kidogo. Alikuwa anaimba hapo akisahihisha madaftari ya watoto." Kisha akaimba mwenyewe, sauti kavu ya mtu asiyeimba, na ilikuwa ya zeze kabisa, imekaa pale pale. Mmoja wetu alikuwa ameshawasha simu.

Kwenye karatasi nilichora mshale mdogo unaoelekea chini juu ya ile ta, nikaandika pembeni jina la mama aliyetuonyesha. Mstari wa sauti ya pili niliuacha mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, nukta mbili zimejipanga bila herufi kati yake. Juu kulia niliandika jina la mtunzi, majina yote matatu, na tarehe ya siku ile, kwa kuwa ya kutungwa hatukuipata.

Mjane aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaomba karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maandishi.

"Umekosea, shemeji," akasema. "Jina la baba yake lina h."